Kalibu ya alumini ya kusubu chubwi: ikague kwa mwanga kabla hujalipa

Kalibu hii, yaani chombo cha kumiminia risasi iliyoyeyuka ili ipate umbo, haina jina la kiwanda. Ni kazi ya mafundi wa alumini wa Mwanza, walewale wanaosubu sufuria na vifuniko, na huuzwa kwenye vibanda vya vifaa vya uvuvi karibu na mialo (sehemu za ufukweni wanakoshushia samaki), ikining'inia katikati ya mafundo ya kamba na maboya. Ina vyumba vinne. Kila chumba hutoa chubwi moja, yaani kizito cha madini ya risasi cha kuzamishia wavu, ya umbo la pipa: urefu milimita 30, unene milimita 15, na tundu la milimita 5 la kupitishia kamba ya chini ya wavu. Tumejaribu tatu za namna hiyo kutoka kwa wauzaji tofauti. Moja ilifanya kazi vizuri tangu mwanzo, ya pili ilirekebishika, ya tatu haikufaa kitu. Kwa macho, juu ya meza ya muuzaji, zote tatu zilikuwa sawa. Ndiyo maana sehemu kubwa ya mapitio haya inahusu namna ya kuikagua.

Kwanza hesabu, maana wapo wanaouliza kwa nini mtu ahangaike na risasi katika mji uliojaa mawe. Chumba kimoja cha kalibu hii kina ujazo wa sentimita za ujazo 4.7. Risasi safi ina uzito wa gramu 11.34 kwa kila sentimita ya ujazo, kwa hiyo chubwi moja ni gramu 53. Ikizama, maji huichukulia asilimia 9 tu ya uzito wake, hivyo inavuta wavu kwa gramu 48 au 49. Jiwe letu la matale (graniti) hupoteza zaidi ya theluthi moja ya uzito wake likiwa majini. Ili livute sawa na chubwi moja, lazima liwe na gramu 78 nchi kavu, na ukubwa wake uwe zaidi ya mara sita ya ule wa chubwi. Ukubwa huo ndio unaonasa kwenye macho ya wavu wakati wa kukunja, na ndio unaokwama kwenye nyufa za miamba. Kwa wavu wa dagaa, unaotakiwa ushuke haraka chini ya kundi lililokusanyika kwenye taa, chubwi ndogo nzito haina mbadala wa maana. Kwa wavu wa sangara unaolala majini usiku kucha, jiwe linaweza kuvumilika.

Kamba ya chini ya mita 60, ukiweka chubwi moja kila sentimita 30, inataka chubwi 200. Hizo ni kilo 10.7 za risasi. Kwa mimino ya chubwi nne nne ni mara 50, ukiacha zitakazorudishwa chunguni. Weka akilini kwamba kazi hiyo ni ya nusu siku kwa watu wawili.

Sasa kifaa chenyewe. Kina pande mbili za alumini, kila mmoja urefu wa milimita 170, kimo 45 na unene 25, zikiwa zimeunganishwa kwa bawaba mwisho mmoja na mishikio ya chuma yenye mbao mwisho wa pili. Vyumba vimelala kwa mstari, kichwa kwa mkia, na fimbo moja ya chuma ya milimita 5 inapita katikati ya vyote vinne. Juu ya kila chumba kuna faneli ya kumiminia. Alumini yake kwa kawaida ni ya vipuri vya injini vilivyoyeyushwa, hasa pistoni, na hilo ni jambo jema: alumini ya pistoni ina silikoni, hujaa vizuri kwenye umbo na haipindi upesi. Alumini safi huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi, hii ya pistoni chini kidogo ya hapo, na risasi kwenye 327, kwa hiyo kalibu haina hatari ya kuyeyuka. Hatari yake ni kupinda na kugongwa.

Ukiwa kibandani, funga kalibu bila fimbo, ielekeze kwenye mwanga wa mlango, utazame mstari wa pande mbili zinapokutana. Kalibu nzuri haionyeshi mwanga, au inaonyesha uzi mwembamba sana kwenye ncha. Ile ya tatu tuliyoitaja ilipitisha mwanga upana wa karatasi mbili katikati. Risasi ilitoka na mbawa pande zote, na kukata mbawa za chubwi 200 kwa kisu ni adhabu. Kipande cha karatasi ya daftari kinasaidia pia: kibane kati ya pande mbili, sehemu tano tofauti, kisha ukivute. Kikitoka bila ubishi mahali popote, rudisha kalibu. Kosa hilo halirekebishiki kwa kubana mshikio zaidi, kwa sababu chanzo chake ni bamba lililopinda lilipokuwa likipoa, si ulegevu wa bawaba. Fundi mwenye subira anaweza kusugua pande zote mbili juu ya kioo kilichobandikwa msasa mpaka zilingane, lakini kila unachosugua kinapunguza unene wa chubwi na tundu la fimbo linabana. Nusu milimita ndiyo mwisho.

Chukua fimbo uiviringishe juu ya kioo au meza ya vigae. Ikiruka ruka imepinda, na fimbo iliyopinda haitoki kwenye chubwi nne kwa pamoja. Pitisha ukucha kwa urefu wake: mikwaruzo inayozunguka fimbo ni mibaya, ile inayofuata urefu haina neno. Wengi hudhani fimbo hukwama kwa sababu risasi imegandamana na chuma. Sivyo. Risasi inapopoa husinyaa zaidi ya mara mbili ya chuma, hivyo kila sekunde unayochelewa inaikaba fimbo zaidi. Dawa yake ni muda, si mafuta. Risasi ya kwenye faneli ikishapoteza mng'ao wake na kuwa ya kijivu, hesabu mpaka kumi, izungushe fimbo robo mzunguko ili iachie, fungua kalibu, kisha ivute. Ukisubiri ipoe mpaka uishike kwa mkono, utatafuta nyundo, na nyundo itaharibu yote mawili. Kalibu hizi huuzwa na fimbo moja tu. Hiyo ni kasoro ya kweli. Chonga ya pili mapema ili moja ipoe wakati nyingine inafanya kazi.

Shingo ya faneli ndiyo iliyotofautisha ile nzuri na ile iliyorekebishika. Nzuri ilikuwa na tundu la milimita 6. Nyingine milimita 4. Risasi ikiganda hupungua ujazo kwa asilimia 3 na kitu, na upungufu huo lazima ujazwe na risasi ya moto kutoka kwenye faneli. Shingo ya milimita 4 huganda kabla ya pipa lenyewe, mlango unafungwa, na ndani ya chubwi kunabaki pango. Kwa nje hutaliona. Utaligundua kwenye mizani, ambapo chubwi ya gramu 53 inasoma pungufu, au siku itakapopasuka pembeni ya tundu. Kupanua shingo kwa keekee ya milimita 6 ni kazi ya dakika kumi. Toboa ukiwa umefunga kalibu na kuibana kwenye jiliwa (vaisi), bila fimbo ndani, na usiingie chumbani. Kubwa kuliko milimita 6 hakuna faida: mkia, yaani risasi inayoganda shingoni, unakuwa mnene na kuukata kunataka nguvu nyingi.

Njia za hewa mafundi wengi huzisahau. Hewa iliyomo chumbani lazima itoke risasi inapoingia, la sivyo kona za pipa zinatoka za mviringo. Ncha ya msumeno wa chuma inatosha: chora mistari miwili myembamba kutoka kila ncha ya chumba hadi ukingoni, ya kina cha unywele. Risasi iliyoyeyuka haipenyi kwenye mfereji mwembamba kama unywele, hewa hupita.

Kuhusu risasi yenyewe tunaomba msomaji atulie kidogo, kwa sababu kalibu nyingi hulaumiwa kwa makosa ya chungu. Risasi za kubalansi magurudumu, zile zenye kibano, ndizo zinazofaa zaidi kwa chubwi ya pipa. Zina antimoni kidogo, metali inayoifanya risasi iwe ngumu, zinajaa kona vizuri na hazibonyei zikigonga mwamba. Chubwi zake hutoka nyepesi kidogo, gramu 51 au 52. Risasi laini ya maganda ya nyaya za zamani au mabomba hufaa kwa zile chubwi za kubana kwa koleo juu ya kamba. Wawindaji wa Marekani wanaosubu risasi za bunduki kongwe kama Winchester ya 1894 wanagombana na jambo hilohilo: risasi laini ikienda kasi huacha madini ndani ya mtutu, kwa hiyo huongeza antimoni na bati ili iwe ngumu. Ustadi wa chunguni ni mmoja, na mengi ya kupasha kalibu na kusoma sura ya mmimino ni yaleyale. Lakini kalibu hii si ya kazi hiyo, na hapa kwetu utengenezaji wa risasi za bunduki unasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015.

Chambua kabla ya kuyeyusha. Vyuma vya balansi vya siku hizi si vyote risasi. Vilivyoandikwa Fe ni chuma, sumaku inavishika. Vilivyoandikwa Zn ni zinki, na hao ndio maadui. Jaribu kwa plaizi ya kukatia: risasi inakatika kama sabuni, zinki inakataa. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, juu ya risasi, kwa hiyo moto ukiwa wa wastani vipande vilivyokuponyoka vitaelea na utaviopoa. Moto ukizidi, vinayeyuka na kuingia, na risasi yako inakuwa kama uji wa chenga: haishuki shingoni, haijazi kona, inaacha mabonge kwenye upawa. Chungu kizima kikifikia hapo, kiuze kama skrepa uanze upya.

Risasi ya betri achana nayo kabisa. Kuna watu mialoni wanaoivunja na kuiyeyusha, na tunasema bila kuzunguka kwamba ni kosa. Mabamba ya betri yana asidi, yana risasi iliyokwisha kuwa unga, na mengi yana arseniki na kalsiamu. Taka zake zikipata maji zinaweza kutoa gesi ya arseniki inayoua. Utapata risasi kidogo na sumu nyingi.

Chungu cha kuyeyushia kisiwe sufuria ya alumini, maana hulegea na kutoboka juu ya mkaa uliopulizwa. Kisiwe pia ndoo ya bati, kwani zinki yake itaingia kwenye risasi. Kipande cha bomba nene la chuma cha inchi 4, kimo sentimita 12, kilichochomelewa kitako, hubeba karibu kilo 7 kikijaa theluthi mbili, na hicho kinatosha. Kitako kikubwa kuliko bomba hukizuia kupinduka. Upawa uwe wa chuma, wenye mdomo, na uwezo wa kubeba gramu 300: mmimino mmoja wa chubwi nne ni gramu 214, zingine ni za kujaza faneli.

Risasi ikiyeyuka, tupia kipande cha mshumaa cha ukubwa wa punje ya harage, koroga kwa kijiti kikavu, uwashe moshi wake usikuzingire. Nta hurudisha sehemu ya utando kuwa risasi, na taka halisi hupanda juu zikiwa unga wa kijivu. Zikusanye kwenye kopo lenye kifuniko. Unga huo ni hatari kuliko risasi yenyewe iliyoyeyuka, kwa sababu ndio unaoingia puani, kwenye nguo na kwenye vidole vya watoto.

Kalibu mpya ioshe kwa sabuni ya unga na mswaki, kwa kuwa mafuta ya fundi yaliyobaki huleta makunyanzi kwenye chubwi ishirini za mwanzo. Ikauke kabisa juani, kisha iwekwe ukingoni mwa jiko. Halafu washa koroboi na upitishe vyumba juu ya moshi wake mpaka masizi yawe utando mwembamba mweusi usio na mabonge. Masizi hupunguza kasi ya kupoa na kusaidia chubwi kuachia. Fimbo nayo ipate yake. Rudia kila baada ya mimino 20 hivi, au ukiona zinaanza kung'ang'ania.

Unyevu ni jambo la uhai. Tone la maji likinaswa chini ya risasi iliyoyeyuka hugeuka mvuke zaidi ya mara elfu moja na mia tano ya ujazo wake kwa kufumba na kufumbua, na chungu kinarusha risasi usoni. Kwa hiyo mvua ikinusa, acha. Upawa ukitoka kuwekwa kwenye mchanga wa ufukweni, upashe kwanza. Vipande vya kuongeza viwekwe ukingoni mwa jiko vikauke kabla ya kutumbukizwa, na viwekwe kwa koleo, si kwa kurusha. Miwani ya fundi wa grinda, glavu za ngozi, viatu vilivyofunika vidole, suruali iliyoshuka juu ya kiatu. Kandambili hapana.

Mimina kwenye nyuzi 370 hadi 400. Kama huna kipimajoto, kalibu na chubwi vitakuambia. Makunyanzi na kona butu maana yake kalibu ni baridi. Kawaida hutoweka baada ya mimino mitano hadi kumi, nawe unarudisha zile mbovu chunguni. Chubwi ya rangi ya umande mweupe, isiyong'aa, maana yake kalibu imepata moto kupita kiasi; haina ubaya kwa uvuvi, lakini pumzisha kidogo. Utando wa juu ukigeuka dhahabu kisha samawati ndani ya muda mfupi, chungu ni cha moto mno, punguza mkaa. Mbawa zikianza kutokea kwenye kalibu iliyokuwa safi, fungua uangalie: mara nyingi ni punje moja ya risasi iliyonasa kati ya pande mbili. Iondoe kwa kijiti cha mti, kamwe si kwa bisibisi. Jaza faneli mpaka ifure kidogo juu, usikate mmimino katikati, na anzia chumba kilicho karibu na bawaba.

Upepo wa mchana kutoka ziwani una neno lake. Hupoza upande mmoja wa kalibu na kupeleka moshi nyumbani. Asubuhi mapema, kabla haujaanza, ndiyo saa nzuri. Pawe mahali pa wazi, mbali na vichanja na mchanga wa kuanikia dagaa, mbali na jiko la chakula. Usile, usivute sigara, na nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kushika chochote cha mdomoni.

Chubwi zikipoa, kata mikia kwa plaizi na uirudishe chunguni. Kisha kazi ambayo kalibu hii haikufanyii: midomo ya tundu hutoka na ukingo mkali kama wembe, nao hukata nailoni taratibu mpaka siku moja kamba ya chini inaachia. Zungusha ncha ya keekee ya milimita 8 kwa mkono kwenye kila mdomo, mizunguko miwili. Pima chubwi kumi kwa pamoja. Zikiwa chini ya gramu 500 kuna mapango, tafuta ipi.

Je, inunuliwe? Kwa mwenye nyavu kadhaa, au kikundi cha mwaloni kinachotengeneza chake chenyewe, ndiyo, tena kwa moyo mweupe. Kalibu iliyolingana pande zake itadumu miaka, na inatengenezwa na fundi anayefikika. Anayehitaji chubwi 40 kuziba mapengo ya wavu mmoja anunue zilizokwisha subiwa, aziweke mizani kabla ya kulipa. Bei hutegemea uzito wa alumini na maelewano, kwa hiyo hatutaji. Tunachosema ni kwamba kalibu iliyopitisha mwanga ni ghali kwa bei yoyote.

Kama unaagiza badala ya kununua iliyopo, mwandikie fundi kwenye karatasi: vyumba vinne, urefu 30, unene 15, fimbo mbili za chuma cha milimita 5 zilizosuguliwa kwa urefu, shingo ya milimita 6, njia za hewa mbili kila ncha, mishikio ya mbao isiyopungua sentimita 15. Na umwombe aisage juu ya kioo ukiwapo.